Ndama wa Pamba

Kaka yangu alipowaondoa ng'ombe kwenda kusini kutafuta malisho, alituachia mmoja. Ndivyo tunavyofanya kwetu, upande huu wa Nkoma: kundi likihama kwa ajili ya ukame, lazima abaki ng'ombe mwenye maziwa kwa ajili ya wazee na watoto wasioweza kufuata. Tuliachiwa mwekundu, mwenye nundu iliyolalia upande mmoja na pembe moja iliyojikunja kuelekea jicho kana kwamba inataka kulichungulia, pamoja na ndama wake dume ambaye alikuwa bado ananyonya. Mtoto aliyekusudiwa kunywa yale maziwa alikuwa wa kaka mwenyewe, binti ambaye hakuwa ameweza hata kukaa bila kuegemezwa mto.

Ilikuwa mwaka juzi. Nyumbani tulibaki wanawake watupu: mama, wifi yangu, huyo binti, na mimi niliyekuwa nimerudi kutoka chuo na shahada ya elimu ya wanyama na sanduku la bati ambalo sikulifungua lote. Nilijiambia siku yoyote nitaitwa kwenye usaili, na kulipanga upya ni kazi. Kila nilipotaka gauni lililokuwa chini kabisa nililiacha hukohuko. Mama aliliona lile sanduku kila alipofagia, akapitisha ufagio pembeni yake.

Wifi alikuwa ameugua homa ndefu mwishoni mwa mavuno ya pamba. Alipona, lakini alipoinuka maziwa yalikuwa yamemkauka. Alimweka mtoto kifuani, mtoto akavuta, akaacha, akalia, akavuta tena. Baada ya siku kadhaa za hivyo wifi akawa hamchukui mpaka apewe. Alilala ameuelekea ukuta. Ukimwita aliitika vizuri tu, "Abee wifi," lakini hakugeuka.

Muuguzi wa zahanati alimfunga mtoto mkononi ule mkanda wa rangi wanaopimia watoto. Ulisimama kwenye njano, na nyekundu ilikuwa jirani sana. Akatuambia tumpe uji wa lishe uliochanganywa na dagaa waliosagwa, na maziwa yaliyochemshwa, kila siku, asikose. Hilo neno asikose nililibeba njia nzima ya kurudi. Dagaa tulikuwa nao, kutoka Lamadi, wakavu na wenye mchanga. Unga ulikuwepo wa kuhesabia vijiko. Maziwa yalikuwa ya mwekundu, na mwekundu alikuwa amebakia ngozi na mbavu.

Nyasi zilikuwa zimekwisha. Ngitili yetu, lile eneo ambalo kila ukoo huku hulifunga wakati wa mvua lisichungwe ili liwe akiba ya kiangazi, lilikuwa limefunguliwa mapema na kulambwa mpaka udongo mweusi ukaonekana, umepasuka mapande ambayo ungeweza kupitisha mkono katikati yake. Mwekundu alikuwa akila majani makavu ya miti, maganda ya migunga, na siku moja nilimkuta anatafuna gunia. Lambo lilikuwa limebaki tope na dimbwi moja katikati. Nilikwenda kuteka maji pale, nikaona viluwiluwi vingi vimesongamana, vingine tayari vina miguu. Nilichuchumaa nikavitazama mpaka maji ya ndoo yakatulia. Tulifundishwa kwamba kiluwiluwi kikihisi maji yanapungua hakisubiri kukua; huharakisha, huota miguu mapema na kutoka. Anayetoka hivyo huwa chura mdogo, mwenye miguu mifupi, na hubaki mdogo. Darasani nililiandika hilo kwenye karatasi ya mtihani na nikapata alama nzuri. Pale lamboni vyura wenyewe walikuwa wakirukaruka kwenye tope, kila mmoja mdogo kama punje ya haragwe, na mimi nilikuwa nawaza mkono wa mtoto ndani ya ule mkanda.

Mama alipokamua, chuchu mbili zilikuwa za mtoto na mbili za ndama. Baadaye ikawa tatu kwa moja. "Ndama atavumilia," alisema. "Ana meno." Ndama alivumilia kadiri alivyoweza. Asubuhi moja tulimkuta amelala ubavu karibu na uzio wa minyaa, shingo imenyooka, na mama yake amesimama juu yake anamlamba sikio.

Siku hiyohiyo mwekundu akakataa kushusha maziwa. Mama alichuchumaa, akamwita kwa sauti ile ya kumbembeleza, akamkanda kiwele kwa maji ya moto. Hakuna. Ng'ombe wetu hawa wa asili wako hivyo: bila ndama wa kumgusa na kumnusa hatoi. Maziwa yamo, lakini ameyazuia. Chuoni ningesema ni akili ya mwili. Kwa nini utoe chakula chako mwilini, mwaka kama huu, kwa kiumbe ambacho si chako? Bora ubaki nacho, uishi, uzae mwaka mwingine. Niliielewa hoja ya mwekundu vizuri sana. Ndani mtoto alikuwa analia kilio chembamba, kile ambacho hakipandi wala hakishuki.

Jirani yetu, mwanamke mtu mzima anayekaa ng'ambo ya shamba la mtama, alifika kuomba kiberiti. Alikuta tumemzunguka ng'ombe.

"Mwadila, mayu," alimsalimia mama.

"Mwadila."

"Amegoma?"

"Amegoma."

Akanigeukia. "Na huyu msomi wenu wa wanyama? Huko chuo hamkufundishwa kumwomba ng'ombe radhi?"

"Tulifundishwa majina ya mifupa yake," nilisema.

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akatazama mlango wa nyumba ambako wifi alikuwa amelala, akapunguza sauti, si sana. "Basi hapa mnao wawili waliokataa watoto."

Mama alisimama. "Kiberiti kiko jikoni. Chukua, uende."

Nilijua wifi amesikia. Nyumba yetu ni ya tofali mbichi, na dirisha lake halina kioo. Nilitaka kuingia nimwambie kitu, nikaanza kupanga niseme nini. Nikimwambia asijali, atajua kuwa na mimi nimeyasikia. Nikinyamaza, atadhani nakubaliana nayo. Nilipanga mpaka jioni, na jioni ilipofika nilimpelekea maji ya kunywa tu.

Kesho yake mama alimchuna ndama. Wazee wa huku wana njia yao ndama anapokufa: ngozi yake hukaushwa, hushonwa, hujazwa nyasi, na huwekwa mbele ya mama yake wakati wa kukamua. Ng'ombe hunusa harufu ya mtoto wake, hulamba, na maziwa hushuka. Nilikuwa nimeona hivyo nikiwa mdogo na nilikuwa naogopa kile kindama kisicho na macho kilichoegemezwa ukutani. Sasa nilishika miguu huku mama akikata. Tuliipaka ngozi chumvi na majivu, tukaitandaza juani juu ya mawe. Ilipokakamaa kiasi tukaishona tumboni kwa kamba ya katani.

Shida ilikuwa cha kujazia. Nyasi hazikuwepo. Mabua yalikuwa yameliwa. Hata paa la banda la kuku lilikuwa limepungua upande ambao ng'ombe aliweza kuufikia. Mama alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akazunguka polepole akiangalia kila kitu tulichokuwa nacho, kisha akaingia chumba cha nyuma na kutoka anaburuta gunia la fifi.

Anayelima pamba anajua fifi ni nini: ile pamba ya daraja la chini, yenye madoa ya wadudu, inayotengwa na pamba safi wakati wa kuchambua. Mwaka ule dawa ya kunyunyizia ilichelewa, mwisho hatukuipata, kwa hiyo fifi ilikuwa nyingi kuliko safi. Mnunuzi aliichukua safi, akashika fifi kwa vidole viwili, akairudisha guniani. Tangu hapo magunia yalikaa chumba cha nyuma, na kuku mmoja alikuwa akitagia humo.

"Si itakuwa nzito?" niliuliza.

"Ndama si mwepesi," mama alisema.

Tukamjaza pamba. Alijaa vizuri kuliko angejaa kwa nyasi. Mgongo ulinyooka, mbavu zikapotea. Alikuwa mnene kuliko alivyowahi kuwa akiwa hai. Mama alimpigapiga ubavuni kama mtu anayekagua godoro. "Haya," alisema, "huyu sasa ameshiba."

Asubuhi tulimweka mbele ya mwekundu. Nilikuwa nimeshika sehemu ya shingo ili asianguke. Mwekundu alinusa, akarudi nyuma hatua moja, akanusa tena mkiani, mahali ambapo ng'ombe huwatambua watoto wao. Akatoa ule mlio wa chini, wa kooni, ambao hawatoi kwa kitu kingine chochote. Akaanza kulamba. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama msasa, nilihisi ngozi ikitikisika mikononi mwangu. Nyuma yake mama alikuwa amechuchumaa, na nikasikia maziwa yanapiga chini ya ndoo.

Mtoto alikunywa. Hakuacha mpaka kikombe kilipokwisha, akalala hapohapo mapajani kwangu na midomo ikiendelea kunyonya hewa.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Asubuhi nambeba ndama wa pamba kutoka kwenye kibaraza, mwekundu analamba, mama anakamua. Mimi nilikuwa na wasiwasi na kila kitu. Ngozi ilikuwa na harufu, nikahofia vijidudu. Nilimtazama mwekundu machoni kuona kama anajua. Ndama wake hapumui, hana joto, halii, hakui. Je, anadanganyika, au anaona yote hayo na bado anaamua kulamba? Nilifikiri kama anajua na anakubali ni jambo baya zaidi kuliko kama hajui. Nilimwambia mama hivyo.

"Shika shingo," mama alisema. "Anainama."

Kaka alipiga simu siku moja, mtandao ukikatikakatika. Alikuwa Katavi, alisema, au karibu. Ng'ombe kadhaa walikuwa wameanguka njiani. "Mtoto vipi?"

"Anakunywa," mama alijibu.

"Mwekundu yupo?"

"Yupo na ndama wake." Mama alinitazama aliposema hivyo, kuona kama nitacheka au nitalia. Kisha akaita ndani, "Mkamwana! Mume wako huyu!" Wifi alikuja, akapokea simu, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akarudisha simu, akarudi ndani.

Maziwa yalianza kupungua. Mwanzoni yalifunika kitako cha ndoo, kisha yakawa yanakilowesha tu. Mwekundu alikuwa anajilisha nafsi yake na hakukuwa na ziada. Nilipanda pikipiki mpaka Bariadi kuulizia mashudu, yale mabaki ya mbegu za pamba baada ya kukamuliwa mafuta. Huko ndiko yanakotoka, pamba yetu yenyewe inapelekwa huko, na nilijiambia hayawezi kukosekana. Mwenye duka alinionyesha sakafu iliyofagiwa. Malori yalikuwa yameyabeba yote kwenda kwa wenye ng'ombe wengi. Palikuwa na mfuko mmoja pembeni uliowekewa mtu, na bei aliyoitaja haikuwa yetu. Nilirudi mikono mitupu. Njiani simu ilitetemeka mfukoni, nikadhani ni usaili. Ulikuwa ujumbe wa mtandao wa simu unaonikumbusha kununua kifurushi.

Asubuhi iliyofuata nilimweka ndama mbele yake kama kawaida na kumwachia, kwa sababu tulikuwa tumezoea kumwegemeza kwenye mti. Nilikwenda kuchukua kamba. Niliporudi, mwekundu alikuwa amemlamba tumboni, pale tulipomshona. Kamba ya katani ilikuwa imelegea. Alinusa pale. Akasimama. Masikio yakaja mbele. Kisha akauma ukingo wa ngozi, akavuta kwa kichwa chote, na mshono ukafunguka kwa sauti kama ya nguo inayochanika.

Akamla.

Alikuwa anaitoa pamba kwa ulimi, bonge kwa bonge, na kutafuna. Nilisikia mbegu zinapasuka kati ya magego yake. Pua yake yote ilikuwa nyeupe. Uzi mmoja mrefu wa pamba ulining'inia kidevuni kama ndevu za mzee. Ndama alikuwa anazidi kunywea, kichwa kikaanguka pembeni, na mama yake akaweka kwato juu ya shingo ili aweze kuvuta vizuri.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumfukuza, kumpokonya, sijui. Na hapo nikasikia sauti ya mama kutoka nyuma ya ng'ombe, ndogo, kama ya mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni.

"Usipige kelele. Anashusha."

Nikamwona. Alikuwa amechuchumaa palepale, ndoo kati ya magoti, mikono inakwenda, na maziwa yanapiga ndoo kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda. Hakutazama mbele. Alijua kinachoendelea kule mbele, sauti ya kutafuna ilikuwa wazi, ila hakutaka kukiona. Aliendelea kukamua mpaka ng'ombe alipomaliza mtoto wake.

Nilipogeuka, wifi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nilidhani ataanguka, nikaanza kumwendea.

"Mwacheni ale," alisema.

Ngozi ilibaki chini, tupu, imekunjika. Mwekundu aliigeuza kwa pua, hakukuta kitu, akaiacha. Hakuilamba tena siku ile wala siku yoyote.

Kilichofuata ni kwamba tulijifunza bei yake mpya. Hakutaka ndama tena, alitaka mbegu. Ukimwekea mbegu mbele anashusha, usipomwekea anazuia. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini hatukuweza kumpa fifi ilivyo. Nilikuwa na hofu kwamba nyuzi zitamfunga tumbo, na kwa mara ya kwanza mama alikubaliana na hofu yangu, kwa sababu kutwa ile mwekundu alisimama amevimba upande na hakucheua mpaka jua lilipoinama. Kwa hiyo ilibidi mbegu zitolewe kwa mkono. Kiwandani kuna mashine ya kazi hiyo. Sisi tulikuwa na vidole. Unashika kipande, unakivuta kwa kucha, mbegu haitaki kutoka, ina manyoya, inang'ang'ania. Kutwa nzima ya watu wawili ilijaza bakuli.

Siku ya pili yake wifi alitoka ndani na mtoto mgongoni, akakaa kwenye mkeka kando yangu, akavuta gunia kwake. Hakuna aliyemwambia. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Tulichambua mpaka bakuli likafika nusu.

"Wifi," alisema, "wewe umesoma hawa. Alijua ni mtoto wake?"

Nilianza kujibu kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani. Nikasema inategemea, harufu ya chumvi, harufu ya pamba, njaa ikizidi mwili hubadilisha kipi kitangulie, wapo ndege wanaoacha mayai mwaka wa ukame, wapo panya wanaokula watoto wao, si ubaya, ni namna mwili unavyochagua. Nilikuwa nasema haraka haraka. Nilipofika kwa wale panya nilitamani kuyameza maneno.

Aliendelea kuchambua. "Alijua," alisema. "Usiku alikuwa anamwita. Mimi nilikuwa namsikia."

Mtoto alijipindapinda mgongoni kwake. Alimshusha, akamweka mapajani, na kuendelea na kazi mikono ikipita juu ya kichwa chake. Vumbi la pamba lilikuwa limemtua mtoto kwenye nyusi. Wifi aliinama akalipuliza. Nilijifanya natafuta mbegu iliyoanguka.

Yule jirani alipita tena. Alituona sote watatu mkekani na vilima vya pamba nyeupe pande zote. "Ee, mmefungua kiwanda!"

"Tunaajiri," mama alisema. "Kaa chini."

Nilidhani ataondoka. Alikaa, akavua kandambili, akachambua nasi mpaka jua likawa juu, huku akilalamika kuhusu kucha zake na kuhusu mkwe wake, na kuhusu mnunuzi wa pamba. Alipoondoka alimgusa wifi begani, kidogo tu. Wifi hakumtazama. Hakuna aliyeombwa radhi na hakuna aliyeomba.

Sikuacha kuhofu. Nilisimama kwenye kichuguu ambako mtandao hushika, nikasoma kwamba mbegu za pamba zina sumu kwa wanyama wengine, kwamba ng'ombe mkubwa huihimili, nikasoma tena kuhakikisha kwamba sentensi ile imesema huihimili. Nilimtazama mtoto kila baada ya kunywa: midomo, macho, kinyesi. Mama akasema nikiendelea kumtazama hivyo mtoto atadhani ana pembe. Katika siku hizo ndipo nilipoitwa usaili, Dodoma. Nilikwenda. Chumba kilijaa watu wenye vyeti kama vyangu. Niliulizwa nieleze namna wanyama wanavyokabiliana na mabadiliko ya mazingira, nikafungua mdomo, na nilichokiona ni ile pua nyeupe. Nilisema mambo ya viluwiluwi. Sikupata. Niliporudi nilikuta vidole vya wifi vimevimba na gunia jingine limekwisha.

Fifi iliisha kabla ya mvua. Tulikung'uta magunia, tukaokota zilizoanguka kwenye nyufa za sakafu, hata kile kiota cha kuku tulikichambua. Mwekundu akakata maziwa kabisa, na safari hii hakuwa anazuia. Kiwele kilikuwa kimenywea kama soksi. Kwa majuma yaliyobaki tulimpa mtoto uji, dagaa, maji ya michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa. Wifi alianza tena kumweka kifuani ingawa hakuna kilichotoka. Mtoto alivuta na kuacha kulia. Sijui alikuwa anapata nini pale. Siku mvua ya kwanza iliyoweza kuitwa mvua ilipokuja, tulikuwa zahanati. Muuguzi alifunga mkanda, akauvuta kidogo, akaulegeza. Njano ileile. "Ameshikilia," alisema. Nilipiga hesabu ya kazi yote ile kichwani, mikono yote ile, ndama yule, na jibu lilikuwa kwamba mtoto hajasogea. Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba muuguzi alikuwa ametupa habari njema.

Kaka alirudi na kundi lililopungua. Alimkuta binti yake hai na mkewe anaongea, akauliza ndama yuko wapi. Mama akamwambia alikufa. Hakusema zaidi na sisi hatukuongeza.

Mwekundu hakushika mimba kwa miezi mingi iliyofuata, hata majani yaliporudi. Kaka alitaka kumuuza. Nikamwambia amsubiri, mwili wake haujaamini bado. Mwaka huu amezaa, ndama jike, mzima, mwenye kelele. Ndama anapoachiwa ananyonya na mama yake anamvumilia. Lakini wakati wa kukamua, ndama amefungwa pale mbele analia na kujivuta kwenye kamba, yeye hamtazami. Anageuza shingo na kutazama mikono yangu. Inabidi niwe na kitu, japo kiganja cha mbegu, ndipo ashushe. Majani yamejaa ngitili nzima. Sijui nani atamwambia kwamba ile njaa imepita, na sijui kama ningekuwa yeye ningeamini. Sanduku langu bado lipo pale kando ya kitanda. Siku hizi nalo ndilo meza ya taa.

Mtoto ametembea kwa kuchelewa. Ni mfupi kuliko wenzake, mkimya, ana macho ya mtu mzima. Hula haraka, ameinama juu ya bakuli, mkono wa kushoto umelizunguka kama ukuta. Wala hamalizi. Hata akiwa na njaa kipande cha mwisho cha ugali hakiendi mdomoni. Anashuka, anakwenda kwenye kona ya mkeka, anainua ncha, anakiweka pale, anafunika, na kukanyaga juu kwa mguu. Hakuna aliyemfundisha. Hawezi kukumbuka, hakuwa hata ameweza kukaa.

Juzi wifi alikuwa anafagia. Alifika kwenye ile kona, akainua ncha ya mkeka. Palikuwa na vipande vya ugali vilivyokauka, michembe miwili, na kichwa cha dagaa, na sisimizi walikuwa wameshavijua. Nilidhani atavitupa. Nilikuwa tayari na maelezo, kwa nini avitupe na kwa nini asivitupe. Wifi alichuchumaa, akakung'uta sisimizi kipande kimoja kimoja, akafagia chini, akavirudisha vyote mahali pake kama vilivyokuwa, akashusha mkeka. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni anamwangalia. Alimsubiri mama yake amalize na kutoka nje, kisha akaja, akainua ncha, akahakikisha.